Goti jipya linahitaji moyo uliotulia

Shinyanga na Geita, goti ni mtaji. Mkulima wa pamba huinama na jembe kutwa, mchimbaji mdogo hushuka duarani na kupanda na kiroba cha mawe, mwanamke huchuchumaa akiponda magwangala. Kazi nzito ya miaka mingi, umri, unene na majeraha ya zamani huweza kumaliza gegedu, mifupa ikaanza kusuguana.

Dawa na mazoezi yakishindwa, daktari anaweza kushauri upasuaji wa kubadilisha goti, huduma inayotolewa pia na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Sehemu zilizoharibika huondolewa, zikawekwa za chuma na plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25.

Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha takribani mgonjwa 1 kati ya 5 haridhiki baada ya upasuaji. Wanaoingia chumba cha upasuaji wakiwa na wasiwasi mkubwa au sonona mara nyingi hupata maumivu zaidi na kupona taratibu.

Sababu moja ni hofu. Mgonjwa akihisi maumivu hudhani goti limeharibika, hivyo halikunji. Lisipokunjwa, makovu ya ndani hulikaza, na siku akijaribu tena linauma kuliko jana. Hapo hukata tamaa, na usingizi hupotea.

Nyumbani, huruma nayo huchangia. "Pole mama, kaa tu, tutakuletea" ni maneno ya upendo, lakini mama aliyezoea kulima hujiona mzigo kwa wakwe na wajukuu. Baba anayelipwa kwa siku huwaza ada na chakula. Wengi hawasemi, huishia kukasirika au kujitenga.

Familia ifanye nini? Mpeni dawa za maumivu kama daktari alivyoelekeza, kabla ya mazoezi. Mhesabieni anapokunja na kunyoosha goti. Mpeni kazi ya kukaa kwenye kiti, kama kuchambua mchele. Tayarisheni choo cha kukalia, kwani kuchuchumaa huwa kugumu. Mwambieni mapema kwamba shughuli nyepesi huweza kurejea ndani ya wiki 6 hadi 12, lakini kupona kabisa huweza kuchukua mwaka. Kurudi duarani ni jambo la kuzungumza na daktari.

Homa, kidonda kutoa usaha, au kigimbi kuvimba na kuuma ni dalili za kuwahi hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kubana au pumzi kukata ni dharura.

Huzuni ikizidi wiki 2, nayo isemwe kliniki. Mnapomuuliza mgonjwa goti linaendeleaje, muulizeni pia amelalaje.