Goti Linalia, Nyonga Ndiyo Inayougua

Kijana anachechemea tangu wakati wa palizi. Ukimuuliza panapouma, anashika goti. Goti linapigwa eksirei, picha inatoka safi, anapewa dawa ya kuchua na vidonge vya kutuliza, anarudi kwao Itilima au Meatu na maumivu yaleyale. Miezi inapita, mguu unaanza kuonekana mfupi, na hapo ndipo mtu anakumbuka kupiga picha ya nyonga.

Goti halikusema uongo. Mshipa wa fahamu uitwao obturata hutoa matawi kwenye nyonga, kisha hushuka hadi upande wa ndani wa goti. Taarifa ya maumivu ikifika kwenye ubongo kwa njia hiyo, ubongo hushindwa kutambua imetokea juu au chini. Watoto na vijana ndio wanaopotoshwa zaidi, na sisi tunaowapima tunapotoshwa pamoja nao.

Watu wazima hupotea kivingine. Mtu akisema nyonga inamuuma, mara nyingi utaona ameweka kiganja kwenye tako, au pale mkanda wa suruali unapokaa. Kiungo chenyewe hakiko huko. Kiko ndani kabisa, nyuma ya kinena, na kikiugua kwa kawaida huuma kinenani. Kukipima hakuhitaji umeme: mgonjwa alale chali, nyonga na goti vikunjwe hadi pembe mraba, kisha mguu kuanzia goti kushuka usogezwe taratibu kwenda nje. Kitendo hicho huzungusha mfupa wa paja kuelekea ndani. Kikikwama mapema kuliko upande wa pili, au mgonjwa akikunja uso na kushika kinena, achana na goti.

Nyonga ni tufe lililozama katika kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja. Kikombe kimejengwa na mifupa mitatu inayokutana hapo, ambayo haishikamani kuwa mmoja mpaka miaka ya kubalehe. Pande zote mbili zimefunikwa kwa gegedu laini, na kiungo kizima kimefungwa ndani ya mfuko mgumu ulioimarishwa kwa ligamenti. Ligamenti ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko zote mwilini. Ukisimama wima inakaza na kuizuia nyonga isipinde kwenda nyuma, ndiyo maana mtu anaweza kusimama kwenye foleni ya zahanati muda mrefu bila misuli ya nyonga kuchoka sana.

Kwa mtoto mchanga kikombe bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na tufe ndilo linalokifinyanga. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yakiwa yamepanuka ubavuni mwa mama, tufe lake linakaa palepale linapotakiwa. Kuteguka kwa nyonga za watoto wachanga ni jambo la nadra sana katika jamii za Kiafrika zinazobeba watoto hivyo. Japani, walikozoea kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooshwa, ilibidi waanzishe kampeni ya taifa mwaka 1975 kuwaachisha wazazi desturi hiyo, na tatizo likapungua mno. Bibi zetu wa Usukuma hawakungoja kampeni.

Mzigo ambao kiungo hiki hubeba ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila ukipiga hatua, kwa sehemu ya sekunde unasimama kwa mguu mmoja, na uzito wa mwili unataka kuangukia upande usio na mguu. Misuli ya pembeni ya tako ndiyo inayovuta kuzuia. Wakulima wanaokumbuka mizani ya rula, iliyopimia pamba kabla ya mizani ya kidijitali, watanielewa upesi: kilichoning'inizwa karibu na egemeo lazima kiwe kizito sana ili kulingana na kidogo kilicho mbali. Misuli iko karibu na tufe, uzito wa mwili uko mbali, kwa hiyo misuli huvuta kwa nguvu inayopita uzito wenyewe, na tufe hukandamizwa na vyote viwili. Watafiti wa Berlin walioweka vihisio ndani ya nyonga bandia walipima karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mtu katika kutembea kwa kawaida. Mwenye kilo 60 anaikandamiza nyonga yake kwa kilo 150 hivi.

Ndiyo maana fimbo inapaswa kushikwa kwa mkono wa upande mzima. Karibu kila mzee ninayemwona sokoni Bariadi akichechemea ameishika upande unaouma. Akibadilisha mkono, fimbo inausaidia mwili mbali na egemeo, misuli inalegeza mvuto, na tufe linapumua.

Lakini kwa upande wa damu nyonga imepunjwa. Tufe limefungiwa ndani ya mfuko wa kiungo, na karibu damu yake yote hupandia kwenye ateri ndogo zinazotambaa juu ya shingo ya mfupa wa paja. Njia hizo zikikatika, kama inavyotokea mzee akianguka na kuvunjika shingo hiyo, au zikiziba, mfupa ndani ya tufe hufa.

Hapa Simiyu kinachoziba mara nyingi ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda ya Ziwa ina urithi huu kwa wingi, kwa kuwa anayeurithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na malaria imekaa nasi karne nyingi. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa Cincinnati, Marekani, walipopima damu ya watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, walikuta takriban mmoja kati ya watano amerithi kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za wenye ugonjwa hujikunja na kukakamaa, zikasongamana kwenye vijishipa vya ndani ya tufe.

Mfupa uliokufa haubomoki siku hiyo. Husimama kama ulivyo kwa miezi, hata miaka, mpaka mwili unapoanza kuuondoa ili ujenge mpya. Katika kipindi hicho tufe hudhoofika, likabonyea chini ya ule mzigo wa mara mbili na nusu. Likishabonyea halirudi kuwa mviringo. Kinachobaki ni kuvumilia, au kuwekewa nyonga bandia ya aina aliyoianzisha John Charnley huko Uingereza miaka ya 1960, ambayo leo huwekwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Kwa kijana wa miaka ishirini madaktari husita, kwa sababu nyonga bandia huchakaa na atahitaji nyingine akiwa bado na nguvu za kulima.

Kabla ya kubonyea kuna la kufanya: magongo ya kupunguza mzigo, haidroksiyurea ya kupunguza mashambulizi ya selimundu, wakati mwingine kutoboa mfupa ili shinikizo la ndani lipungue. Tatizo ni kwamba katika hatua hiyo eksirei ya nyonga nayo huweza kutoka safi. Kinachoona mapema ni kipimo cha MRI, na kwa mtu wa Bariadi hiyo ni safari ya Mwanza kupitia Lamadi. Kwa mwenye selimundu ambaye kinena au goti halimwachi, nauli hiyo itafutwe wakati bado anatembea.