Poka ya mtandaoni: hesabu ambayo kijana wa Adumi haambiwi

Adumi, karibu na Arua, iko mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kongo. Hapa Nile Magharibi, kama kwingineko Uganda, karata si jambo geni. Mchezo wa matatu, ambao kila mchezaji huanza na karata saba mkononi, huchezwa vijiweni na siku hizi huchezwa hata kwenye simu. Kutoka hapo hadi poka ya fedha mtandaoni ni suala la kubonyeza tu. Ahadi inayoandamana nayo ni tamu: jifunze mbinu, shinda kila mwezi, achana na jembe.

Je, ahadi hiyo ina ukweli? Jibu la haki ni kwamba ina ukweli kwa wachache sana, na gharama zake hazitangazwi.

Tuanze na tofauti moja muhimu. Anayebeti mpira hushindana na kampuni, nayo ndiyo inayopanga bei. Mechi ya timu mbili zenye nguvu sawa ikiwekewa 1.90 kila upande, mtu akiweka shilingi 1,000 huku na 1,000 kule atarudishiwa 1,900. Mia moja imebaki kwa kampuni. Ukiunganisha mechi 10 za aina hiyo kwenye mkeka mmoja, thamani ya kila shilingi 1,000 inashuka hadi takriban 600 kabla mpira haujapigwa.

Poka ni tofauti kwa sababu fedha hutoka kwa wachezaji wenzako, hivyo ujuzi una nafasi. Lakini mwenye meza hakai bure. Tuseme anakata asilimia 5 ya kila chungu, na wachezaji sita wameingia na shilingi 20,000 kila mmoja. Baada ya vyungu 40 vya shilingi 10,000, amekwisha kuchukua 20,000. Mtaji mzima wa mtu mmoja umeondoka mezani, hata kama wote sita wana akili sawa. Ili upate faida haitoshi kuwa bora kuliko wenzako. Lazima uwazidi kwa kiasi kinachofidia makato hayo.

Nchini Uganda kuna makato mengine. Tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. Kutoa pesa kwenye simu kuna tozo ya asilimia 0.5, mbali na ada ya kampuni. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kazi inayotegemea mtandao ilisimama.

Wanaoshinda kwa muda mrefu hufanya nini? Kwanza, hutupa karata nyingi kuliko wanazocheza. Pili, hupiga hesabu. Chukua mfano: chungu kina shilingi 3,000, mpinzani anaongeza 3,000, nawe una kopa nne ukisubiri ya tano katika karata ya mwisho. Unalipa 3,000 ili chungu kifike 9,000, kwa hiyo unahitaji kushinda mara moja katika kila tatu. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, yaani chini ya mara moja katika tano. Mwenye nidhamu anaacha. Tatu, hutenga mtaji wa kuingilia mezani mara 30 au zaidi, kwa sababu hata mchezaji hodari hupoteza wiki nyingi mfululizo. Fedha hiyo si ya karo wala ya mbegu.

Mwaka 2003 Mmarekani Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia mtandao, alitwaa dola milioni 2.5 katika mashindano makuu ya dunia mjini Las Vegas. Dunia ilivutwa na jina lake. Wachezaji walikuwa 839. Tangu hapo ushindani umekuwa mkali zaidi: mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita.

Kuna pia sheria. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kenya na Tanzania kikomo ni miaka 18. Kijana wa Adumi mwenye miaka 20 ni mtu mzima akiwa Mwanza, lakini kwao anavunja sheria. Tovuti haioni mpaka huo. Akitumia namba ya simu ya kaka yake na malipo yakazuiwa, atamlalamikia nani?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Soko la Pamoja tangu 2010, lakini kamari inavuka mipaka haraka kuliko sheria zinazoilinda jamii. Nchi wanachama zikubaliane angalau juu ya umri, leseni na mahali pa kupeleka malalamiko.

Kwa sasa, aliyetimiza umri na anayeamini kwamba anaweza, anunue daftari. Aandike kila shilingi iliyoingia, iliyotoka, bando, tozo na saa alizokaa. Baada ya miezi mitatu ajumlishe, kisha alinganishe na ujira wa kibarua wa saa hizohizo.