Kususa Chakula Katika Nchi ya Mahindi

Wajukuu, ukipita Ufipa, mkoani kwetu Rukwa, baada ya mavuno, utaona mahindi kila upande: yameanikwa uani, yamejaa maghalani, yanapakiwa kwenye malori ya kwenda mbali. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humu, 56 walikuwa wamedumaa. Hakuna mkoa uliotupita. Mwaka 2022 walikuwa bado karibu nusu.

Sababu za udumavu ni nyingi: ugali mtupu bila mboga wala maharage, kuhara kusikoisha, mama anayeshinda shambani na mimba yake. Hizo mmefundishwa shuleni. Mimi leo nawasimulia habari ya moyo, maana nao una neno lake katika kula.

Chukueni msichana wa kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Sumbawanga. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msimtafute. Kwao ni bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mama yake amefariki mwezi wa tatu. Amekwenda kuzika, amerudi, amepewa pole, masomo yameendelea. Wiki za kwanza anakula nusu sahani. Baadaye anapanga foleni kama wenzake, anapakuliwa ugali na maharage, kisha anamsogezea jirani na kusema ameshiba. Sketi anaibana kwa pini moja, halafu mbili. Jumapili moja anajifungia bwenini, anamaliza mkate mzima bila kupumzika, halafu anakwenda nyuma ya vyoo kujitapisha.

Wenzake wanasema anaringa. Matroni anasema amesusa. Na wa kusema amerogwa hawakosekani, hasa kwetu, ambako mji mzima umesingiziwa uchawi na watu ambao hawajawahi hata kufika.

Akiulizwa, anajibu kwamba akila anajisikia vibaya. Hasemi uongo. Ubongo na tumbo vimeunganishwa na neva ndefu, na habari hupita huku na huku. Hofu na majonzi vikizidi, tumbo husita kufanya kazi, na tonge linakuwa gumu kumeza. Kuna pia jambo jingine ambalo wakubwa wengi hawalijui. Mtu aliyeponyokwa na kila kitu huona sahani yake ndiyo pekee aliyobaki nayo ya kuiamulia. Kuikataa kunamtuliza kidogo, na utulivu huo ndio unaomfunga. Akila kwa pupa pia anatafuta utulivu uleule. Dakika chache baadaye inakuja aibu, na aibu ndiyo inayompeleka nyuma ya vyoo.

Kama huo ni ugonjwa au la, daktari ndiye wa kusema. Ila msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2004 watafiti walichapisha habari za wanafunzi 668 wa kike wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kumi kati yao walikuwa wamekonda kwa kujinyima chakula, na hawakuzungumzia wembamba wala urembo. Walizungumzia kufunga kwa ajili ya dini na kuitawala nafsi. Kule Fiji, kwa upande mwingine, televisheni iliingia eneo la Nadroga mwaka 1995, na miaka mitatu baadaye baadhi ya wasichana walikuwa wameanza kujitapisha ili wapungue. Kwa hiyo njia za kuingia katika hali hii ni nyingi.

Ukishaingia, njaa yenyewe inakuharibia moyo. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wanaume 36 wenye afya nzuri walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili wanasayansi waone njaa inamfanyaje mtu. Walikuwa wapole na wachangamfu. Wakawa wakali, wenye huzuni, wa kujitenga. Wakaota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Kumbe huzuni humtoa mtu mezani, na njaa nayo humwongezea huzuni.

Ndiyo maana tiba haianzi na mahubiri. Tazameni wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto amevimba miguu, amenuna, hataki kuguswa wala kula. Muuguzi hamjazi chakula, kwa sababu mwili uliodhoofika ukishibishwa ghafla moyo unaweza kusimama. Anampa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una hatua kumi, na ya tisa ni upendo na michezo: mtoto achezeshwe dakika 15 hadi 30 kila siku. Mwongozo unaeleza hata jinsi ya kutengeneza kayamba la chupa ya plastiki kwa kutia ndani vipande vya rangi. Kule Jamaica, miaka ya 1970, watoto waliougua utapiamlo na kuchezeshwa hospitalini kisha nyumbani walikua kiakili kuliko wenzao waliopewa chakula na dawa tu. Mimi naihesabu hatua ya tisa kuwa dawa kamili.

Msichana wetu naye aanze na chakula kidogo kwa saa maalumu, na mtu akae naye mezani bila kumhesabia matonge. Akipata nguvu, ndipo azungumze na mshauri: alijisikiaje kabla ya kuisukuma sahani, alimkumbuka nani. Amlilie mama yake ambaye hakupata nafasi ya kumlilia. Baba na shangazi waitwe. Hospitali ya Maudsley, London, iliona katika miaka ya 1980 kwamba vijana wadogo ambao ugonjwa wa kujinyima chakula haujawakaa muda mrefu hupona vizuri zaidi familia ikishirikishwa. Viboko na masimango havimrudishii mtu hamu ya kula, vinamfundisha kujificha.

Kama jambo hili linakuhusu wewe au rafiki yako, mwambie mwalimu wa malezi au mtu mzima unayemwamini. Mtu akizimia, akitapika damu au moyo ukimwenda ovyo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na ukikosa wa kumwambia, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.