Asidi ya Daftarini, Asidi ya Shambani

Mkulima wa Ruhuwiko, hapa Manispaa ya Songea, akiona mahindi yamedumaa ilhali mbolea ameweka, husema ardhi imechoka. Mwanawe wa sekondari, jioni hiyohiyo, anakariri kwamba asidi hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu, na besi hugeuza nyekundu kuwa buluu. Mara nyingi ugonjwa wa shamba la mzazi umeandikwa kwenye daftari la mtoto, ila hakuna aliyewaambia.

Tuanze na daftari. Asidi ni kitu ambacho kikiingia kwenye maji hutoa ioni za haidrojeni: limao, maziwa ya mgando, ulanzi uliokaa siku nyingi, maji ya betri. Besi huzinyakua ioni hizo: majivu, magadi, sabuni, chokaa. Vikikutana kwa kiasi kinacholingana vinavunjana nguvu, na hubaki chumvi na maji. Kama besi yenyewe ni magadi au chokaa ya mawe, utaona na povu la kabonidayoksaidi.

Shule isiyo na litmasi haina sababu ya kufundisha somo hili kwa maneno matupu. Chemsha choya kavu, mimina kwenye vikombe viwili. Kimoja kamulia limao, wekundu utang'aa. Kingine tia maji ya majivu yaliyochujwa, rangi itahama na kuelekea ukijani. Binzari nayo inafanya kazi hiyo: doa la mchuzi kwenye shati jeupe hugeuka jekundu pale tu sabuni inapoligusa, na watu huilaumu sabuni bure.

Choya hata hivyo itakuonyesha asidi au besi, haitakuambia kiasi. Kwa kiasi tuna pH, kipimo alichokitoa mwaka 1909 Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kwa kawaida kinaanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Wanafunzi wengi huteleza hapa: kila hatua ni mara 10. Udongo wenye pH 5 una ioni za haidrojeni mara 10 ya ule wa pH 6, na mara 100 ya ule wa pH 7. Kwa hiyo mtu akikwambia shamba lako limeshuka "namba moja tu", usipokee kama habari ndogo.

Mahindi hustawi vizuri pH ikiwa kati ya 5.5 na 7. Ikishuka chini ya hapo, alumini iliyokuwa imetulia kwenye chembe za udongo huanza kuyeyuka, nayo ni sumu kwa mizizi. Ng'oa mche mmoja uliodumaa uutazame: mizizi mifupi, minene, ya kahawia, vinyweleo hamna. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, ndiyo maana majani huwa ya zambarau kingoni hata pale ulipoweka DAP ya kupandia. Mbolea umeinunua, ipo ardhini, mmea hauifikii.

Nani ameleta asidi yote hii? Mvua, kwanza. Nyanda hizi za kusini hupata msimu mmoja mrefu, na maji yanayozama miaka nenda rudi huondoka na kalisi na magnesi. Mavuno nayo huondoka na sehemu yake kila mwaka. Lakini mchango ninaotaka kuusema bila kificho ni wa SA, mbolea ya kukuzia inayopendwa kwa sababu majani hubadilika rangi haraka. Bakteria wa udongo wanapoibadili amonia yake kuwa naitreti, huachia ioni za haidrojeni. Kwa kila kilo ya naitrojeni, SA huongeza asidi karibu mara tatu ya urea. Hesabu zinazotumiwa na wataalamu wa udongo ni kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 wa SA huhitaji takriban kilo 55 za chokaa ya mawe kuufuta. Nani hapa kwetu ananunua chokaa uzito ule ule wa mbolea? Mbolea ya CAN ina afadhali, kwa kuwa imechanganywa na unga wa mawe ya chokaa.

Wazee walikuwa na dawa yao. Ulezi uliopandwa kwenye shamba lililochomwa moto ulikubali kwa sababu, pamoja na mengine, majivu ni besi. Tatizo ni kwamba majivu ya jikoni yanatosha bustani ya mboga, ekari tatu hayazitoshi. Dawa ya ekari ni chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa laini. Imwagwe na kuchanganywa na udongo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Usiichanganye na SA, DAP wala urea kwa wakati mmoja: ukisikia harufu kali inayochoma pua, hiyo ni amonia, naitrojeni uliyoilipia inaruka hewani.

Asidi ya udongo ina faida zake pia. Chai huitaka, mihogo huivumilia, na mbolea ya Minjingu, inayotokana na mawe ya fosfeti ya kule Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi kuliko kwenye udongo wa besi. Mwenye mihogo asihangaike na chokaa kwa kuwa jirani mwenye mahindi ameinunua.

Kwa hiyo usimwage chokaa kwa kukisia, kwani ikizidi, madini kama zinki nayo hukosekana. Chota udongo sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20, changanya, kausha kivulini, kisha umuulize afisa ugani wa kata upimwe wapi. TARI Uyole, Mbeya, ni mojawapo ya vituo vya utafiti wa kilimo vya nyanda hizi. Fanya hivyo kabla ya mvua za Novemba, na kabla ya kulipia mfuko mwingine wa SA.