Uwezo wa Kusubiri: Utangulizi wa Somo la Uchumi wa Vijiji

Kila Julai barabara za Ruvuma na Rukwa hujaa malori ya mahindi. Mavuno ni mengi, wanunuzi wanachagua, bei iko chini. Ikifika Januari, baadhi ya kaya zilizouza magunia zinarudi sokoni kununua mahindi kwa debe, na kwa bei ya juu zaidi. Hakuna mkulima asiyejua kwamba bei itapanda. Anauza mapema kwa sababu ada ya shule, deni la mbolea na mgonjwa aliye kitandani havingoji Januari. Faida iliyo kati ya bei hizo mbili inakwenda kwa yule aliyeweza kusubiri.

Kwa maoni yangu, somo la uchumi wa vijiji linaanzia hapo. Wanafunzi wengi huingia darasani na swali la uzalishaji: mbegu gani, mbolea kiasi gani, jembe au trekta. Swali hilo ni halali, ila halitoshi, maana kijiji kinaweza kuvuna sana na bado kikabaki na mifuko mitupu. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji kwenye swali jingine: katika miezi iliyo kati ya mavuno na mavuno, nani anayashika mazao, fedha na ardhi, na kwa masharti ya nani? Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Swali hilo linawahusu moja kwa moja.

Miongoni mwa wa kwanza kuijengea nadharia kaya ya mkulima alikuwa Mrusi Alexander Chayanov. Katika miaka ya 1920 alionyesha kwamba kaya hiyo si kampuni ndogo. Wanaolima ndio wanaokula, hakuna anayelipwa mshahara, na bidii ya kazi hupimwa kwa idadi ya midomo inayosubiri chakula. Serikali ya Stalin ilimuua mwaka 1937, na wasomaji wa Kiingereza hawakumpata vizuri hadi tafsiri ya 1966. Upande wa Afrika, Polly Hill alichapisha mwaka 1963 utafiti wake kuhusu wakulima wa kakao wa kusini mwa Ghana. Aliowakuta walikuwa watu wanaohama, wananunua ardhi, wanapanda miti itakayozaa baada ya miaka, kisha wanatumia mapato kununua ardhi nyingine. Kwa hiyo tangu mwanzo somo hili lina vichwa viwili: kaya inayobanwa na njaa ya mwaka huu, na kaya inayopiga hesabu ya miaka 20. Mara nyingi ni kaya moja hiyo hiyo.

Tanzania imelichangia somo hili kwa majaribio makubwa, mengine machungu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na kufikia 1933 kikawa kimezaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha huko. Katika miaka ya 1950, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakulima wa pamba wa Usukuma waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Victoria. Kazi ya ushirika ilikuwa kumwezesha mkulima kungoja: anapeleka mazao, anapata malipo ya kwanza, chama kinatafuta soko, naye anapata malipo ya pili baada ya mauzo. Mwaka 1976, wakati Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ikielekea ukingoni, serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za umma. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Vyama vyenyewe havikuwa malaika. Wizi kwenye mizani na malipo yaliyochelewa viliwachosha wanachama wengi. Tuchukue hapo fundisho moja la msingi: kusubiri kwa hiari ni nguvu, kusubirishwa ni unyonge. Taasisi ile ile inaweza kuleta lolote kati ya hayo mawili, kutegemea nani anashika vitabu vyake vya hesabu.

Korosho inalieleza fundisho hilo vizuri zaidi kuliko zao lolote. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho za kusini msimu wa 2007. Mkulima wa Mtwara au Lindi anapeleka korosho kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, kisha zinauzwa kwa mnada. Pembeni mwake kuna kangomba: mnunuzi anayefika kijijini na fedha taslimu, wakati mwingine korosho zikiwa bado mtini, na kununua kwa kipimo cha kienyeji na kwa bei ndogo. Sheria inaikataza kangomba, lakini inaendelea kuishi kwa sababu inalipa leo. Mwaka 2018 bei za mnadani zilipozua mgogoro, serikali iliingilia kati, ikatangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na kutumia jeshi kusomba korosho. Bei ilikuwa nzuri, lakini kwa wakulima wengi malipo yalichukua miezi kufika. Anayetaka kujua kwa nini kangomba haifi, aanzie hapo.

Hata palipo na ghala, kuna mdudu. Dumuzi, mzaliwa wa Amerika ya Kati, alijitokeza Tabora kuelekea miaka ya 1980 na kugeuza mahindi ya kwenye vihenge kuwa unga kabla hayajafika kinuni. Anayeogopa dumuzi huuza mapema hata kama hana deni. Ndiyo maana mfuko usiopitisha hewa ni chombo cha uchumi sawasawa na mkopo. Na mkopo wenyewe umepimwa. Watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya kazi na wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya, wakawapa mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha faida ya asilimia 29 juu ya fedha za mkopo. Palipokuwa na wakopaji wengi, bei za msimu zilikaribiana, na hata wasiokopa wakanufaika.

Wanawake wa vijijini hawakuwangoja watafiti. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyotengenezewa mfumo nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE vilisambaa haraka, na Tanzania tunavifahamu kupitia ndugu zao, VICOBA: hisa, sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, faini kwa anayechelewa, na mgawo mwisho wa mzunguko. Mgawo ukipangwa ushuke wakati wa ada au wa kununua mbegu, gunia linaweza kubaki ndani. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007, imefupisha safari ya fedha ya mtoto aliye mjini. Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo iliziondoa asilimia 2 ya kaya za Kenya kwenye umaskini, hasa zile zinazoongozwa na wanawake. Lakini simu hiyo hiyo, pamoja na wakopeshaji wa mtaani, imeleta mikopo ya kausha damu yenye riba kubwa, ambayo inamnyang'anya mtu muda wake badala ya kumwongezea.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna benki wala simu. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Miti ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa kampeni za kuangamiza mbung'o na kwa mashamba ya pamba. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza 1986, uliwarudisha wanavijiji kwenye utaratibu huo wa zamani, na maelfu ya hekta yakaota tena. Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wanaweza kusimamia mali ya pamoja bila kuibinafsisha na bila kuikabidhi serikali, mradi kanuni ziwe zao na mvunjaji aadhibiwe. Mzee wa ngitili angelielewa hilo bila mkalimani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavipa vijiji msingi wa kisheria wa utaratibu wa namna hiyo, pale mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa kweli.

Msomaji asije akaondoka na dawa moja ya maradhi yote. Nyanya na maziwa hayangoji mtu. Huko kinachotakiwa ni barabara, baridi na mnunuzi wa karibu. Kibarua asiye na shamba hana cha kuweka ghalani. Na vijiji vingine vimesimama kwa fedha za nje ya kilimo. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilieleza jinsi wakazi wa Machakos, Kenya, walivyoongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, huku wakiikinga ardhi yao kwa matuta, kwa sehemu kutokana na mishahara iliyotoka Nairobi. Wapo wanaodai kwamba kitabu hicho kiliona zaidi mafanikio ya wenye nacho kuliko hali ya wasio nacho. Mabishano hayo hayajaisha, na mwanafunzi mpya ana nafasi ndani yake.

Ukitaka kuanza, chagua kijiji kimoja na uchore kalenda ya miezi 12. Andika lini mazao yanaingia, lini ada inadaiwa, lini homa inashika, lini chakula kinapungua. Muulize mume, kisha muulize mke peke yake, maana majibu yao hutofautiana. Lifuate gunia moja kutoka shambani hadi mashine ya kusaga mjini, na kila linapobadilisha mikono uliza nani alikuwa na haraka na nani hakuwa nayo. Omba kusoma daftari la kikundi na leja ya AMCOS kabla ya kufungua ripoti ya mfadhili. Mwezi ambao fedha inatakiwa na mazao hayajaiva ndio mwezi wa kuutafiti. Ukiupata, umeshaingia kwenye somo hili, na karibu sana.