Mbwa Mweusi Mbele ya Kamera

Mpiga picha wa Bujumbura akiletewa mbwa mweusi studioni asikimbilie kuongeza mwanga. Kwanza ahamishe taa. Nyuma kabisa ya jicho la mbwa au paka kuna utando unaorudisha mwanga ulikotoka, ndiyo maana flashi iliyokaa juu ya kamera huyafanya macho yang'ae kijani, kama ya fisi barabarani usiku. Taa ikiwekwa ubavuni, ikapenya shuka jeupe, macho hutulia na manyoya meusi huonekana moja moja. Wapo watakaosema dirisha latosha, tena umeme wa mjini hukatika. Sawa, kwa paka aliyelala. Mbwa hatulii: mwanga ukiwa hafifu kamera hukawia, na mkia unatoka kama ukungu. Flashi ya betri ikielekezwa ukutani humaliza ubishi huo, mradi ukuta uwe mweupe. Wa kijani humpaka mnyama rangi yake.