Homoni na urefu wa mtoto: wakati gani umpeleke hospitali

Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana sana kwa urefu na wote wakawa wazima. Wazazi wakiwa wafupi, mara nyingi mtoto naye huwa mfupi. Wa kuangaliwa ni yule aliyekuwa akirefuka vizuri, kisha akapunguza kasi au akasimama.

Mifupa ya miguu na mikono hurefuka karibu na ncha zake, kwenye tabaka laini la gegedu. Tabaka hilo huongozwa na homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, na nyingi hutolewa mtoto akiwa katika usingizi mzito. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hutoa homoni nyingine; ikipungua, mtoto hudumaa, huchoka, husikia baridi na hupata choo kigumu. Lishe duni na maradhi ya muda mrefu navyo huvuruga homoni hizi, kwa hiyo usishangae daktari akianza kwa kuuliza mtoto anakula nini.

Homoni za kubalehe ndizo zinazowachanganya wazazi wengi. Kwanza humrefusha mtoto kwa kasi, kisha hulifunga lile tabaka la gegedu, na mfupa uliofunga haurefuki tena. Msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana anayeanza kubalehe kabla ya miaka 9, anaweza kuwapita wenzake leo na akaishia kuwa mfupi kuliko wao. Majirani watamsifu kwamba anakua haraka. Wewe mpeleke hospitali.

Nyumbani, mpime bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na uandike tarehe. Rudia baada ya miezi 6. Mtoto aliyevuka miaka 4 na bado hajabalehe, akiongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka mzima, nenda na vipimo vyako pamoja na kadi ya kliniki. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu na eksirei ya kiganja cha kushoto, inayoonyesha umri wa mifupa. Upungufu wa homoni ya thairoidi hutibiwa kwa vidonge vya kila siku. Ule wa homoni ya ukuaji hutibiwa kwa sindano, ambazo ni ghali na hazimrefushi mtoto mifupa ikishafunga.

Kama mtoto anatumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, mweleze daktari, kwani navyo hupunguza ukuaji. Usimwachishe ghafla mwenyewe; ni hatari.